Jina Lililo Chini ya Chungu

Leo jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, chukua chungu kimoja cha nyumbani ukipindue. Utaona nini chini yake? Utaona masizi, na labda ufa mdogo. Jina la mtu hutaliona. Chungu hicho kimepika maharage ya arusi na uji wa wagonjwa, lakini ukiwauliza watoto nani aliyekifinyanga, huenda wakatazamana tu.

Huko Uingereza, Marekani na Japani wako watu ambao wakipewa chungu, jambo la kwanza wafanyalo ni hilo hilo: hukipindua. Hao hawatazami masizi. Watafuta alama ndogo, herufi mbili tatu zilizogandamizwa katika udongo kabla haujachomwa. Wakiiona alama wanayoijua, nyuso zao hung'aa. Chombo cha kutilia maua, kisichozidi shubiri moja kwa urefu, chaweza kuuzwa mnadani kwa bei ya kundi zima la ng'ombe, kwa ajili ya mkono uliokifanya.

Hawa huitwa wakusanyaji. Wengine ni matajiri, wengine ni watu wa mshahara mdogo kabisa. Leo twataka kueleza kazi yao: ilianzaje, ina faida gani na hatari gani. Na zaidi ya hayo twataka kuuliza yatufundisha nini sisi, ambao mama zetu na bibi zetu wamefinyanga tangu zamani, na majina yao yakapotea.

KWA NINI WALIWEKA ALAMA

Yafaa tujue kwanza kwamba hata Ulaya wafinyanzi walikuwa watu wasiojulikana. Kila wilaya ilikuwa na wafinyanzi wake, waliofanya mitungi ya maziwa, vyungu vya kuokea na magudulia ya pombe. Kisha vikaja viwanda vikubwa. Viwanda vilitoa sahani na vikombe maelfu kwa maelfu, vyote sawasawa. Jina lililopigwa chini ya sahani lilikuwa jina la kiwanda, wala si la mtu. Wafinyanzi wa vijijini wakazima matanuru yao mmoja mmoja.

Ndipo wakatokea watu walioona hasara hiyo. Mmoja wao alikuwa Bernard Leach, Mwingereza aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1887. Alikaa Japani miaka mingi akajifunza ufinyanzi huko. Mwaka 1920 alirudi Uingereza pamoja na rafiki yake Mjapani, Hamada Shoji, wakaanzisha karakana katika St Ives, mji mdogo wa wavuvi ulio pembeni kabisa mwa nchi, upande wa kusini magharibi. Hapo walijenga tanuru la kuni la namna ya Kijapani, lenye vyumba vilivyopandana kama ngazi.

Leach alitaka mfinyanzi aijue kazi yote tangu mwanzo hata mwisho: akande udongo, aumbe chombo, akipambe, akipake dawa ya kung'arisha, akichome. Kwa kuwa kazi ni ya mtu mmoja, lawama ni yake na sifa ni yake. Kwa hiyo aliweka muhuri. Vyombo vya kutumia kila siku, vilivyofanywa na mafundi wa karakana kwa jumla, vilipigwa muhuri wa St Ives, yaani herufi S na I. Vile alivyovifanya Leach kwa mkono wake viliongezewa herufi zake mwenyewe, B na L. Wanafunzi wake walipokwenda kuanzisha karakana zao, kila mmoja alichukua desturi hiyo pamoja naye. Hata leo viko vitabu vizima vya mihuri hiyo, na mkusanyaji huvisoma kama vile karani wa posta anavyosoma anwani.

Chini ya vyombo vingine vidogo utaona herufi L na R. Hizo ni za Bibi Lucie Rie. Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1902, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1938 serikali ya Hitler ilipoitwaa Austria, ilimbidi akimbie. Alifika London akiwa mkimbizi, na sifa aliyoipata kwao hakuna aliyeijali. Wakati wa vita alifanya vifungo vya nguo kwa udongo ili apate riziki. Mwaka 1946 alimpokea mkimbizi mwingine, Hans Coper, kijana kutoka Ujerumani aliyekuwa akitafuta kazi, wala hakuujua ufinyanzi. Wakafanya kazi pamoja katika karakana ile ndogo kwa miaka mingi, na wote wawili wakawa mabingwa. Bibi Rie alifariki mwaka 1995. Leo bakuli moja lenye herufi L na R lagombewa na nyumba za makumbusho. Mtu aliyefukuzwa kwao ameandikwa jina lake katika udongo, wala halifutiki.

MKUU WA KANISA NA MTUNZA VITABU

Nani huvikusanya vyombo hivi? Na tuwatazame watu wawili waliokaa upande wa kaskazini wa Uingereza.

Wa kwanza ni Eric Milner-White, mchungaji wa Kianglikana. Ndiye aliyeitengeneza, mwaka 1918, ile ibada ya Noeli yenye masomo tisa na nyimbo katika King's College huko Cambridge, ambayo redio ya Uingereza huitangaza kila mwaka. Tangu mwaka 1941 mpaka alipofariki mwaka 1963 alikuwa mkuu wa kanisa kubwa la York. Mtu huyu alipenda vyombo vya udongo sana. Alinunua kazi za Leach, za Hamada na za wenzao wakati ambapo Waingereza wengi waliviona kuwa vyungu tu. Lakini hakuvifungia kabatini mpaka kufa. Alivitoa zawadi kwa nyumba za sanaa za miji, hasa mji wake wa York, ili kila apitaye avione.

Wa pili ni William Alfred Ismay, aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa Wakefield. Huyu hakuwa na cheo. Alikuwa mtunza vitabu katika maktaba ya mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe. Hakuoa. Nyumba yake ilikuwa moja katika safu ya nyumba ndogo zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mwaka 1955 alianza kununua vyombo vya wafinyanzi, kimoja kimoja, kwa kadiri ya mshahara wake. Hakuwafuata wenye majina tu. Alikwenda kwenye maonyesho, akaongea na vijana walioanza kazi, akanunua kwao, akawaandikia barua za kuwatia moyo.

Alipofariki mwaka 2001, nyumba ile ndogo ilikuwa na vyombo zaidi ya 3,600, vya wafinyanzi zaidi ya 500. Vilijaa mezani, madirishani na sakafuni. Tena si vya kutazama tu: chai alinywea vikombe hivyo, na chakula alilia mabakuli hayo. Jambo kubwa kuliko hayo yote ni kwamba alitunza karatasi. Stakabadhi, barua, matangazo ya maonyesho, maandishi juu ya chombo fulani na mtu aliyekifanya, vyote aliviweka. Kisha akaviacha vyombo na karatasi zake kwa makumbusho ya York.

Mwaka 2015 nyumba ya sanaa ya York ilifungua mahali maalumu pa vyombo vya udongo. Hapo vyombo vya mkuu wa kanisa na vyombo vya mtunza vitabu vimewekwa chini ya paa moja. Na wataalamu wamefaidika sana na karatasi za Bwana Ismay, kwa maana chombo bila habari zake ni kama mgeni aliye bubu.

Basi twaona kwamba kukusanya si lazima kuwe choyo. Bwana wetu alituonya juu ya kujiwekea hazina duniani. Ni kweli chungu hakiliwi na nondo wala kutu, lakini mwizi hukiiba na paka hukiangusha. Heri mkusanyaji anayejua kwamba yeye ni mtunzaji tu, na kwamba vyombo vitapita mikononi mwake kwenda kwa watoto wa wengine.

MUHURI WAWEZA KUSEMA UONGO

Penye fedha hapakosi mdanganyifu. Jina la Leach lilipokuwa na bei, wakatokea watu wa kuliiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba vyombo vilivyouzwa katika minada mikubwa kama kazi ya Leach vilikuwa vimefinyangwa gerezani. Katika gereza la Featherstone, huko Uingereza, wafungwa walikuwa wakifundishwa ufinyanzi ili wapate kazi ya halali watakapotoka. Wengine wakajifunza zaidi ya walivyofundishwa. Walitengeneza mihuri ya uongo yenye herufi za Leach na za St Ives, wakaipiga chini ya vyombo vyao, na vyombo vikatolewa nje na kuuzwa. Watu wenye ujuzi walidanganyika, kwa sababu walitazama muhuri kwanza na chungu baadaye.

Tangu hapo wakusanyaji wenye akili wana kanuni zao. Kwanza hukishika chombo kwa mikono miwili wakaupima uzito wake, kwa kuwa kila mfinyanzi ana uzito aliouzoea. Pili hutazama kitako, mahali ambapo dawa ya kung'arisha haikufika, wakaona udongo wenyewe ni wa rangi gani na umekatwa namna gani. Tatu hutazama mdomo na shingo, kwa maana hapo ndipo mkono wa mtu hujionyesha kama mwandiko. Nne huuliza: kimetoka kwa nani, alikinunua wapi, stakabadhi iko wapi? Mwisho kabisa ndipo hutazama muhuri. Chombo na muhuri vikipatana, vema. Visipopatana, chombo ndicho shahidi wa kweli.

Na kanuni hii haifai kwa vyungu tu. Katika mambo mengi twapenda kusoma jina kabla ya kuitazama kazi.

WALE WALIOGAWA JINA

Mjapani Hamada, yule rafiki wa Leach, alifanya jambo la ajabu. Alipokuwa St Ives aliweka muhuri wake. Aliporudi kwao akaacha. Akaishi katika kijiji cha wafinyanzi kiitwacho Mashiko, akifanya kazi kama wanakijiji wengine, na chini ya vyombo vyake hakuandika neno. Alitaka chungu kijieleze chenyewe, kama wahenga wetu wasemavyo: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1955 serikali ya Japani ilimheshimu kama mmoja wa wale iwaitao hazina hai ya taifa. Hata hivyo wanunuzi hawakuridhika bila jina. Kwa hiyo, kwa desturi ya Japani, chombo huwekwa katika sanduku dogo la mbao, na maandishi ya mfinyanzi huwa juu ya sanduku. Ole wake anayetupa sanduku!

Mwingine ni Bibi Maria Martinez, wa kabila la Wahindi Wekundu wa Marekani waitwao Wapueblo, katika kijiji cha San Ildefonso, New Mexico. Alizaliwa karibu mwaka 1887, akafariki mwaka 1980. Hakutumia gurudumu la mfinyanzi. Aliviringa udongo kama kamba, akaizungusha kamba juu ya kamba, akalainisha, akasugua kwa jiwe mpaka chungu kikang'aa kama kioo. Mumewe Julian alichora mapambo. Walivichoma vyungu kwa samadi na kuufunika moto ili moshi uingie katika udongo, navyo vikatoka vyeusi kabisa.

Watalii waliokuja kwa gari moshi na motokaa walivipenda sana, wakataka jina liandikwe. Basi akaanza kuandika jina lake chini. Lakini akaona jambo: chungu chenye jina lake kilinunuliwa upesi, na cha jirani yake, kizuri vile vile, kilibaki. Bibi Maria alifanya nini? Aliandika jina lake chini ya vyungu vya majirani pia, ili nao wapate chakula cha watoto wao. Wakusanyaji wa leo huumwa kichwa kwa ajili ya jambo hilo, maana hawajui hakika ni kipi cha Maria na kipi cha jirani. Ni kweli kwamba mnunuzi ana haki ya kujua anachokinunua, na wala hatusemi tuige. Lakini hebu mlinganishe mama huyu na wale wa gerezani. Wale waliiba jina la mwingine wajitajirishe. Huyu alitoa la kwake ili jirani ale.

BINTI WA JUMAPILI

Sasa na turudi Afrika. Nchini Nigeria, katika kijiji cha Kwali, alizaliwa karibu mwaka 1925 mtoto wa kike akaitwa Ladi. Kwa Kihausa jina hilo maana yake ni aliyezaliwa siku ya Jumapili. Alifundishwa ufinyanzi na shangazi yake, kwa desturi ya kabila lao la Wagwari. Alifinyanga mitungi mikubwa ya maji bila gurudumu, yeye mwenyewe akiuzunguka mtungi kwa miguu, na juu ya tumbo la mtungi alichora kenge, nge, mamba, vinyonga na ndege.

Sifa ya mitungi yake ilifika hata nyumba ya mfalme wa Abuja, na hapo ndipo Mwingereza mmoja, Michael Cardew, alipoiona. Cardew alikuwa mwanafunzi wa Leach, na serikali ya kikoloni ilimleta Nigeria kufundisha ufinyanzi. Alianzisha chuo cha ufinyanzi hapo Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1954 Ladi aliingia chuoni, mwanamke wa kwanza kati ya wanaume. Aliendelea kufinyanga kama alivyofundishwa na shangazi yake, lakini mitungi yake sasa ilipakwa dawa ya kung'arisha na kuchomwa katika tanuru lenye moto mkali wa digrii zaidi ya 1,200.

Hapo chombo chake kilibadilika kazi. Mtungi wa kijijini hutoa jasho, na ndiyo sababu maji yake ni baridi. Mtungi uliong'arishwa hautoi jasho, wala haufai kuteka maji kisimani. Umekuwa chombo cha kuwekwa mahali pa heshima. Na chini yake, kwa mara ya kwanza, kukawa na alama mbili: muhuri wa Abuja kwa herufi za Kiarabu, na herufi L na K, yaani Ladi Kwali. Jina lake na jina la kijiji chake vimekwenda pamoja.

Bibi Ladi alialikwa Uingereza na Marekani, akafinyanga mbele ya watu wengi. Mwaka 1977 chuo kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984. Picha yake akiwa kazini imo nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria. Mji ule wa Abuja ya zamani sasa huitwa Suleja, na chuo chake kimepewa jina la Ladi Kwali.

Lakini matunda yake hayakuishia huko. Mwaka 1974 alifika chuoni hapo msichana kutoka Afrika ya Mashariki. Jina lake Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea kazi ya kuchora matangazo ya biashara. Huko aliupenda udongo. Walimu wa Uingereza walimshauri aende Nigeria akajifunze, na huko akajifunza kwa Bibi Ladi Kwali na wenzake. Baadaye alikwenda pia New Mexico kuona kazi ya akina Maria Martinez.

Bibi Odundo hakuacha njia ya mama wa Kiafrika. Hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, hupaka udongo laini juu, husugua mpaka ung'ae, kisha huchoma. Moto wenye hewa nyingi hukipa chombo rangi nyekundu ya machungwa. Moto ulionyimwa hewa hukifanya cheusi. Vyombo vyake vina shingo na matumbo kama ya mama mjamzito, na chini huandika jina Odundo na mwaka. Baadhi yake vimeuzwa mnadani kwa zaidi ya paundi laki mbili kila kimoja. Mwaka 2018 aliwekwa kuwa mkuu wa heshima wa chuo kikuu cha sanaa huko Uingereza, na mwaka 2020 alipewa daraja la juu la heshima la nchi hiyo. Wahenga walisema, Chanda chema huvikwa pete.

NA VYUNGU VYETU JE?

Ukienda katika nyumba za makumbusho za Ulaya utaviona vyungu vyetu vimepangwa vizuri nyuma ya vioo. Soma kibandiko: mara nyingi kimeandikwa jina la kabila, jina la nchi, pengine na jina la Mzungu aliyekileta. Jina la mama aliyekifinyanga halimo. Wala hakuna wa kumwuliza tena. Aliyekinunua hakuuliza, na aliyekiuza hakutaja.

Hasara hii ingali yaendelea leo, tena vijijini mwetu. Ndoo za plastiki na sufuria zimeingia kila nyumba, wala si vibaya, maana ni nyepesi. Lakini vyungu vya bibi vyatupwa jalalani, au vyauzwa kwa bei ya sabuni kwa wachuuzi wapitao. Na bibi wenyewe wanazidi kutuacha. Akizikwa mfinyanzi, huzikwa pamoja na habari za udongo gani wachimbwa wapi na wachanganywa na nini. Mfinyanzi hulia gaeni, asema Mswahili. Yeye aliyewapa watu wote vyungu, mwenyewe hana kitu. Je, na jina lake tumnyime?

Wala tusidhani ya kuwa kuweka alama ni desturi ya Wazungu tu. Kwa Wakamba wa Kenya, tangu zamani mama mfinyanzi ana alama yake mwenyewe, mikwaruzo michache aitiayo karibu na shingo ya chungu kabla hakijachomwa. Wenzake wakiiona sokoni, watambua mara moja mkono wa nani. Hakuhitaji kujua kusoma. Basi jambo hili ni letu pia.

Tunaweza kufanya nini? Haya ni mambo ambayo kila jamaa yaweza kufanya, bila fedha.

Kwanza, uliza. Jumapili baada ya Misa, mkiwa pamoja nyumbani, ulizeni kila chungu na kila mtungi uliopo: nani alikifinyanga? Alikuwa mke wa nani, binti wa nani? Udongo ulitoka wapi? Kiliingia nyumbani mwaka gani, kwa arusi ya nani?

Pili, andika. Daftari moja la shule latosha. Padre anapombatiza mtoto huandika katika kitabu cha parokia jina lake, wazazi wake, msimamizi wake na tarehe. Kwa kitabu kile mtoto atajulikana hata baada ya miaka 100. Fanyeni hivyo hivyo kwa vyungu, na kazi hii apewe mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Karatasi ndogo yenye jina yaweza kuwekwa ndani ya chungu kisichotumika.

Tatu, usikwaruze jina kwa msumari juu ya chungu cha zamani, wala usikisugue kwa mchanga mpaka kitakate. Ukifanya hivyo wakiharibu. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, na ukiweke mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki. Ukikibeba, usikishike mdomo. Weka mkono mmoja chini ya kitako.

Nne, kama mama mfinyanzi angali hai, mwombeni aweke alama yake kabla ya kuchoma. Si lazima iwe herufi. Ukucha, mbegu iliyogandamizwa, mistari mitatu, chochote kilicho chake peke yake. Kina mama Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao hupelekwa kwa mtumbwi mpaka sokoni Matema na kuuzwa hata miji ya mbali, wanajulikana kwa jina la kabila lao. Ingekuwa vema kama nini mnunuzi wa mbali angejua pia kwamba hiki ni cha mama fulani, na mwaka ujao akamwagiza yeye!

Tano, akija mchuuzi, usifanye haraka. Ukiwa na shida, kuuza si dhambi. Lakini jua unachokiuza, taja bei ya haki, na mwambie mnunuzi jina la mfinyanzi aliandike mbele yako. Chungu kikiondoka, jina liondoke pamoja nacho, na nakala ibaki katika daftari lenu.

Labda mwingine atasema: Mama yangu alifinyanga ili watu wale, wala hakutafuta sifa. Ni kweli, na ndiyo heshima yake. Yule Mjapani Hamada alifikiri hivyo pia. Lakini Hamada alichagua mwenyewe kutoandika jina, na watu walimjua hata hivyo. Mama zetu hawakuulizwa. Kutotafuta sifa ni fadhila yake yeye mfinyanzi. Kumsahau ni kosa letu sisi.

Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu mwenyewe alimfanya mtu kwa udongo, na nabii Yeremia alitumwa kwenda nyumbani kwa mfinyanzi ili ajifunze huko njia za Mungu. Kazi ambayo Mwenyezi Mungu hakuona haya kujifananisha nayo si kazi duni. Na Mungu huyo hamwiti hata mmoja wetu kwa jina la kabila tu. Katika ubatizo kila mtu huitwa kwa jina lake.

Basi, wazazi, msingoje makumbusho wala mtaalamu wa kutoka mbali. Bibi aliye hai leo aweza kuwatajia majina kumi ya wafinyanzi wa kijiji chenu, na ya mama zao waliowafundisha. Nunueni daftari wiki hii, mkaketi naye.